Mng'ato wa kina: vituta vya kung'atia viwekwe nyuma ya meno ya mbele ya juu au juu ya magego?

Pamisi

Habari za kazi wakuu. Naomba mwongozo kwa wanaoshika braketi (vifungo vya kwenye meno vinavyoshika waya) kila siku.

Mgonjwa ana miaka 14. Meno ya mbele ya juu yanafunika ya chini kwa milimita 6, na ncha za meno ya chini zinagusa ufizi wa kaakaa nyuma ya 11 na 21 (meno mawili ya katikati ya juu). Kwa mlalo, ya juu yametokeza mbele ya yale ya chini kwa milimita 4. Uso ni mfupi, misuli ya kutafunia imeshiba, pembe ya taya la chini ni ndogo. Braketi za juu zimeshabandikwa. Za chini zimesubirishwa, maana akifunga mdomo meno ya juu yanatua pale pale ambapo braketi ingekaa.

Vituta vya kung'atia (tabo, yaani vinundu vinavyobandikwa kwenye jino) havikwepeki hapa, ila naona kila mtu ana utaratibu wake. Je, viwekwe nyuma ya meno ya mbele ya juu, au juu ya magego? Kompositi (resini ya kujazia meno), glasi ayonoma (aina ya saruji ya meno), au vile vya chuma? Kimo kinapimwaje, na vinakaa mdomoni hadi lini?

Swali la pembeni: kuna mtu mzima mwenye shida hiyo hiyo anayetaka alaina za plastiki (vifuniko vya meno vya kuvaa na kuvua), waya hataki kabisa. Vishikizo vya alaina (vinundu vya kompositi kwenye jino ambavyo plastiki inavishika) vinaiweza kazi hii?

---

GegoLaSita

Pamisi, kabla ya kuchagua kituta kikae wapi, chagua kwanza jino gani unataka lisogee. Mng'ato wa kina unafunguka kwa njia tatu: magego yachomoze zaidi, meno ya mbele yazame mfupani, au meno ya mbele yaelekezwe nje. Kituta chenyewe hakisahihishi chochote. Kinatenganisha meno ili yale unayoyataka yapate nafasi ya kusogea, na braketi za chini zisigongwe.

Uso mfupi, pembe ndogo, bado anakua: huyu unataka magego na magego madogo yachomoze. Kwa hiyo vituta vikae nyuma ya 11 na 21. Akifunga mdomo, meno manne ya chini ya mbele yanatua juu ya vituta, huku nyuma kunabaki uwazi na magego yako huru kuchomoza. Kila milimita 1 ya gego kuchomoza inafungua mbele kwa takriban milimita 2, kwa sababu taya linazunguka kwenye kiungo chake kama bawaba. Ndiyo maana njia hii ni ya haraka kwa kijana anayekua. Tawi la taya linaendelea kurefuka na kufidia kimo kilichoongezeka.

Ukiweka juu ya magego kwa mgonjwa wa aina hii unajifunga mwenyewe, kwa sababu unakandamiza meno yale yale unayotaka yachomoze. Vituta vya magego vina mahali pake: uso mrefu, pembe kubwa, au mtu ambaye midomo inafungana kwa shida. Hapo gego likichomoza hata kidogo, taya linazunguka kwenda chini na nyuma na uso unazidi kurefuka, kwa hiyo unalizuia makusudi.

Kutokeza kwa milimita 4 bado kunaruhusu vituta vya mbele, ila pima vizuri. Hatari kubwa ni meno ya chini kutua *nyuma* ya kituta badala ya juu yake. Hilo likitokea, kituta kinakuwa kabari: taya la chini linasukumwa nyuma, meno ya juu yanasukumwa mbele, na baada ya wiki chache mgonjwa analalamika kiungo cha taya. Mwambie alegeze taya, lisukume nyuma taratibu kwa kidole kidevuni, kisha afunge. Hata katika hali hiyo ncha za meno ya chini lazima zitue kwenye meza ya kituta, na nyuma yake ibaki walau milimita 1 ya akiba. Kutokeza kukifika milimita 5 au 6, kituta kinakuwa kirefu mno na kinavunjika. Hapo wengine huhamia nyuma ya chonge, 13 na 23, au hutumia kibao cha kuvaa chenye jukwaa la kung'atia.

Umbo: meza iwe bapa, ikutane na meno ya chini kwa pembe mraba. Mteremko ni kosa linaloonekana sana. Meno ya chini yanateleza juu yake, na taya linafuata mteremko badala ya kutulia.

---

mweka_kompositi

GegoLaSita kamaliza upande wa mahali. Mimi niongezee ubandikaji, maana vituta vingi vinavyodondoka havidondoki kwa sababu ya chakula, vinadondoka kwa sababu ya mate.

Kwa meno ya mbele tumia kompositi. Chuma kinashika vizuri na hakiliki, lakini ni kigumu kwa ncha za meno ya chini na kimo chake huwezi kukiongeza kwa urahisi. Glasi ayonoma haina nguvu ya kutosha kwa kituta kinachochomoza nje ya jino. Iache kwa magego.

Hatua zenyewe:

Safisha upande wa kaakaa wa 11 na 21 kwa pamisi (unga wa kusugulia) isiyo na mafuta wala floraidi. Sehemu hiyo huwa na ukoga mgumu ambao hauonekani bila kioo, kwa hiyo ukwangue kwanza. Suuza, kausha. Weka kitanua midomo, pamba pande zote mbili, na kifyonzi cha mate kibaki mdomoni muda wote.

Asidi ya fosforiki ya asilimia 37 kwa sekunde 30, kisha suuza kwa maji mengi angalau sekunde 15. Kausha mpaka enameli iwe nyeupe kama chaki. Isipokuwa nyeupe, rudia. Mate yakigusa hata kidogo baada ya hapo, usipanguse na kuendelea. Paka asidi upya sekunde chache, suuza, kausha.

Bondi iwe utando mwembamba, ipulizwe kwa hewa, igandishwe kwa taa sekunde 10. Kisha tandaza kompositi nyepesi kidogo tu ili iingie kwenye mabonde ya enameli. Mwili wa kituta uwe kompositi nzito. Anayejenga kituta chote kwa kompositi nyepesi peke yake atakuta kimelika katika muda mfupi.

Mwanga wa taa haupenyi vizuri zaidi ya milimita 2 za kompositi. Kituta cha milimita 3 au 4 kijengwe kwa tabaka mbili, kila moja sekunde 20, halafu umalizie kwa kumulika kutoka pembeni pande zote mbili. Ukitumia kalibu ya silikoni utapata umbo moja pande zote, ila kalibu inazuia mwanga. Iondoe kisha mulika tena.

Sasa kimo. Mpe karatasi ya rangi ang'ate. Unatafuta alama mbili zenye uzito sawa, moja kwa kila kituta, na ikiwezekana kila kituta kiguswe na meno mawili ya chini. Sagia palipo na alama nzito mpaka zilingane. Kipimo cha kimo ni braketi ya chini. Shika braketi mahali itakapokaa, mwambie afunge, na kati ya braketi na jino la juu pabaki uwazi wa karibu milimita 1. Ukishapata hapo usiongeze. Kituta kirefu kupita haja hakiharakishi kazi, kinaongeza tu kuvunjika na manung'uniko.

Rangi: chagua kompositi isiyofanana na jino. Siku ya kuondoa utajua kompositi inaishia wapi na enameli inaanzia wapi. Nyuma ya meno haionekani mtu akicheka, kwa hiyo sababu ya kuficha rangi sioni.

Jino lenye kofia ya kauri usilitie kituta kama kuna jino jingine. Asidi ya fosforiki haikwarui kauri, utahitaji kupuliza mchanga na kupaka silani, na wakati wa kuondoa kauri inaweza kupasuka.

---

Waya_016

Nakubaliana na mengi, ila nina pingamizi moja. Watu huweka vituta wakadhani kazi imeisha, na waya wanauchagua bila kufikiri. Waya ndio unaoamua magego yatachomoza au la.

Kwa kijana huyu, bandika braketi za chini siku ile ile ya vituta na uanze na waya wa nikeli-titani wa inchi 0.014. Waya mwepesi unaacha magego madogo yachomoze, na mkunjo wa Spee (upinde wa safu ya meno ya chini) unaanza kunyooka wenyewe. Kama nyuma kumebaki uwazi na hausogei baada ya miezi miwili, mpira mfupi wa wima wa inchi 3/16 kati ya magego madogo ya juu na ya chini, pande zote mbili, unavaliwa usiku na mchana. Bila kituta mbele, mpira huo hauna pa kuyapeleka meno.

Mahali pa braketi pia ni sehemu ya dawa. Kwenye meno ya mbele isogeze kuelekea ncha kwa nusu milimita, waya ukinyooka jino linazama. Kwenye magego madogo ya chini isogeze kuelekea ufizi, yatachomoza.

Baadaye, waya wenye mkunjo wa kinyume kwenye taya la chini unafaa, ila kumbuka unafanya mambo mawili kwa pamoja: unachomoza magego madogo na unasukuma meno ya mbele nje. Meno ya chini ya mbele yakiwa yameshaelekea nje tangu mwanzo, mfupa wa mbele ni mwembamba na ufizi utashuka. Pinda ncha za waya nyuma ya mrija wa gego la mwisho ili kupunguza msukumo huo.

Kwa mtu mzima hesabu ni nyingine. Gego lililochomozwa kwa mtu aliyekwisha kukua, mwenye misuli mizito, lina tabia ya kurudi. Huyo unazamisha meno ya mbele, na nguvu iwe ndogo: gramu 10 hadi 20 kwa jino moja. Waya wa TMA (aloi ya titani na molibdeni) wa inchi 0.017 × 0.025 kutoka mrija wa ziada wa gego, uliofungwa juu ya waya wa mbele na si ndani ya braketi, unatoa nguvu hiyo bila kubadilika sana. Pima kwa kipimanguvu, usikadirie kwa kidole. Nguvu ikizidi, jino halizami haraka zaidi. Mzizi ndio unaoliwa ncha, na gego linalobeba mzigo linainama nyuma.

Na kabla ya kuzamisha meno ya juu, mtazame mgonjwa akiwa ametulia, midomo imelegea. Kama meno ya juu yanaonekana milimita 2 au pungufu, usiyaguse, zamisha ya chini. Ukizamisha ya juu utamzeesha uso kwa mikono yako.

---

Pamisi

Asanteni sana madaktari. Nimeelewa kwa nini mbele na si magego.

Mawili yamebaki. Kituta kimoja kikidondoka katikati ya miadi, je, kinaweza kusubiri wiki nne? Na vituta vya magego, kwa siku nitakapovihitaji, vinajengwa kwenye gego lipi hasa? Lile la alaina bado linasubiri mjuzi.

---

mweka_kompositi

Hakisubiri. Kikibaki kimoja, mng'ato wote unatua kwenye jino moja. Ndani ya siku chache jino linaanza kucheza na kuuma, na taya linajifunza kukwepa kwa kwenda upande. Mwambie mgonjwa siku ya kwanza: kimoja kikitoka, piga simu uje mara moja. Ama kirudishwe, ama kilichobaki kisagwe.

Namna kilivyotoka inakuambia kosa liko wapi. Kimetoka kizima na jino limebaki safi, ndani ya siku mbili tatu: unyevu wakati wa kubandika, au asidi haikufanya kazi. Kimevunjika katikati, nusu imebaki: kompositi haikuganda ndani, kulikuwa na kiputo cha hewa, au ni kirefu mno. Kimelika taratibu na alama ya meno ya chini imechimbika juu yake: hiyo ni kawaida, kikwarue juu, paka bondi, ongeza tabaka. Kikilika haraka sana upande mmoja, kagua kama anasaga meno usiku.

Vituta vya magego: magego ya kwanza ya chini, 36 na 46, kwa saruji ya bluu ya kubandikia bendi (pete za chuma za gego) au glasi ayonoma. Jenga juu ya vilele vya upande wa shavu, ndivyo vinavyobeba mng'ato. Usiijaze mifereji ya jino, kwa sababu siku ya kuondoa utachimba enameli ukifuata mabaki. Juu pawe bapa, pasiwe na shimo la kunasa kilele cha jino la juu. Kimo ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: kwa hesabu ile ya bawaba, milimita 1 hadi 1.5 kwenye gego inatosha kutoa karibu milimita 2 au 3 mbele.

Mweleze pia mgonjwa kwamba wiki ya kwanza na ya pili kutafuna kutakuwa kwa shida kwa sababu meno machache tu yanagusana. Chakula laini, kikatwe vipande vidogo. Kwa vituta vya mbele herufi *s* itasikika vibaya mwanzoni. Mtu asipoambiwa mapema anadhani umemharibu.

---

alaina_polepole

Kuhusu alaina: zinaweza, lakini ni moja ya kazi ngumu zaidi kwa plastiki, na mtu mzima huyo aambiwe hivyo kabla hajalipa.

Plastiki inafunika nyuso za kutafunia za magego juu na chini. Unene wa karatasi kabla ya kuumbwa huwa karibu milimita 0.75, mara mbili, na anang'atia hapo saa 20 hadi 22 kwa siku. Hiyo inakandamiza magego, kinyume kabisa cha unachotaka kwenye mng'ato wa kina. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inabaki kuzamisha meno ya mbele, na uzamishaji kwa alaina mara nyingi unafika chini ya nusu ya kile kilichochorwa kwenye kompyuta.

Sasa vishikizo. Watu wengi huuliza kishikizo gani kiwekwe kwenye meno ya mbele. Jibu ni kwamba jino linalozamishwa halikihitaji sana, kwa sababu alaina inalisukuma kwenye ncha yake. Vishikizo vinahitajika kwenye magego madogo, kwani alaina ikisukuma meno ya mbele, inajibiwa kwa kunyanyuka pale nyuma. Weka vya mlalo kwenye 34, 35, 44 na 45, urefu milimita 3 hadi 4, vimetokeza milimita 1. Ukitaka viwe nanga tu, upande wa ufizi uwe ukingo mkali na upande wa kutafunia uwe mteremko. Alaina inaingia kwa ulaini na inakataa kutoka. Ukitaka gego dogo lenyewe lichomoze, geuza: mteremko uangalie ufizi ili plastiki iusukume kutoka chini.

Invisalign (chapa ya alaina) ilitoa kifurushi cha mng'ato wa kina kilichoitwa G5 mwaka 2014, chenye vishikizo vya magego madogo na vituta vilivyoumbwa ndani ya alaina nyuma ya meno ya juu. Vituta hivyo ni vya plastiki tupu, ndani vina uwazi, hivyo vinabonyea, na vinafanya kazi alaina ikiwa imevaliwa tu. Kimoja kinachomoza si zaidi ya takriban milimita 3. Kutokeza kwa meno kukizidi hapo, meno ya chini hayakifikii na kinabaki pambo.

Kwenye mpango wa kompyuta usikubali mng'ato wa mwisho wa milimita 2. Omba meno ya mbele yamalizie ncha kwa ncha, hata uwazi mdogo, kwa sababu mdomoni hautafika huko. Zamisha kwa zamu, chonge kwanza kisha yale manne ya mbele, au kinyume chake. Yote sita kwa pamoja yanaishinda nanga. Kasi iwe chini ya milimita 0.25 kwa alaina moja. Mimi napendelea nusu ya hapo.

Kubandika: jaza kompositi kwenye vishimo vya kiolezo (plastiki ya kubebea vishikizo hadi kwenye meno) mpaka usawa, isipungue wala kufurika. Kibandike, bonyeza plastiki kandokando ya kishikizo na si juu yake, maana ukibonyeza juu umbo linalala. Gandisha, chubua kiolezo kuanzia upande wa ulimi, kisha ondoa utando uliofurika. Utando huo ukibaki, alaina haikai, na utatafuta kosa kwenye mpango wakati liko kwenye jino.

Dalili ya kuachwa nyuma: usitazame meno ya mbele peke yake. Meno ya mbele yasipozama yanaishikilia alaina juu, kwa hiyo uwazi unajitokeza *kwenye magego madogo*, kati ya kishikizo na kishimo chake. Ukiuona, simamisha kubadilisha alaina, mpe vibonyezo vya kutafuna (vipande laini vya kung'ata ili alaina ikae) asubuhi na jioni, akae na alaina ile ile wiki moja au mbili zaidi. Usipofunga, piga skani upya.

---

GegoLaSita

Lile swali la muda lilisahauliwa. Vituta vya mbele vinakaa mpaka mambo mawili yatimie: magego yamegusana tena pande zote, na braketi za chini haziguswi hata bila kituta. Mara nyingi ni miezi mitatu hadi sita. Kama magego yameshagusana lakini mng'ato bado ni wa kina, ongeza tabaka jingine la kompositi urudishe uwazi, uendelee.

Kuondoa: kompositi kwa ncha ya kabaidi yenye makali 12, mwendo mdogo, ukifuata rangi. Glasi ayonoma ya magego huvunjika kwa koleo ya kuondolea bendi, mabaki ndiyo ya kusaga. Na kwa huyu wa miaka 14, kibakizi cha juu (kifaa cha kuvaa baada ya matibabu ili meno yasirudi) kitengenezwe na jukwaa bapa la kung'atia nyuma ya meno ya mbele, liguse meno ya chini kwa wepesi magego yakiwa yamefunga. Bado anakua, na mng'ato huu unapenda kujifunga tena katika miaka hiyo.

Moja la mwisho: usimwekee braketi za kauri chini, hata akilia. Kauri ni ngumu kuliko enameli, na kituta kikidondoka usiku mmoja tu inaanza kula meno ya juu.